Kelele Mia Tatu

Mtu wa begi la kijivu alikuwa na mbio kuliko tumbo lake lilivyoonyesha.

Aliparamia marobota ya karatasi, akaruka toroli, akapotelea katikati ya makasha ya ghala la forodha. Hatua kumi na tano nyuma yake alikuja mwanamke aliyevaa koti la rangi ya chungwa, lililoandikwa mgongoni MKAGUZI WA MAWASILIANO. Kiunoni, chini ya koti, alikuwa na Glock 19 ambayo wakaguzi wa mawasiliano hawapewi.

Idarani, kwa majasusi wenzake, walimwita Msasa. Walisema kila aliyekaa naye chumba kimoja kwa saa moja alitoka amelainika.

Hakumwambia asimame. Kwa miaka kumi na minane ya kazi hii hakuwahi kuona mtu anayekimbia akasimama kwa sababu ameambiwa, na hakuwa na pumzi za kuchezea.

Mlango wa nyuma.

Ua wa saruji, mwanga hafifu wa asubuhi, mawingu mazito yamekaa chini juu ya mapaa. Mtu yule alitokeza uani, akaiona pikipiki iliyokuwa ikimngoja kando ya ukuta, akatabasamu. Dereva wa pikipiki alivaa helmeti nyeusi. Alinyoosha mkono mithili ya mtu anayetaka kupokea begi.

Risasi mbili.

Pikipiki ilitoka getini kabla mtu wa begi hajafika chini. Msasa alifyatua mara moja, akavunja taa ya nyuma, basi. Akairudisha bastola kiunoni na kupiga magoti.

Aliyelala pale alikuwa wakala wa forodha, mtu wa fomu na mihuri, ambaye miezi miwili iliyopita alipitisha kompyuta mpya mia tatu kwa siku moja. Msasa alikuwa akimfuatilia kwa wiki tatu. Sasa alibakiwa na pumzi chache tu za kumsikiliza.

"Zile kompyuta ni za nini?"

"Mwezi uliopita," wakala akasema, "yalikuwa majaribio tu."

"Majaribio ya nini?"

"Ya mnara." Damu ilimtoka mdomoni. "Leo ndiyo yenyewe. Saa tano na dakika arobaini."

Hakusema tena.

Msasa alitazama saa yake ya Casio. Saa nne na dakika hamsini na mbili.

Ndani ya begi mlikuwa na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa kadi ndogo ya umeme, ukubwa wa biskuti, ya kuchomekwa ndani ya kompyuta. Cha pili kilikuwa roli iliyokwisha ya stika za fedha, kiini kitupu chenye maandishi: IMEPIMWA. INAFAA.

Watu wengi hawajui, na hawana kosa, kwamba kila kompyuta hupiga kelele. Si kelele za masikio, ni za mawimbi. Weka redio ndogo karibu na kompyuta mbovu uone itakavyokwaruza. Ndiyo maana kuna kanuni. Kila aina ya kompyuta inayoingia nchini lazima ipelekwe maabara, ipimwe kelele zake, na ikizidi kipimo irudishwe ilikotoka. Zile za viwandani zinaruhusiwa kupayuka kidogo. Za nyumbani, ambako jirani ana redio yake, zinabanwa zaidi. Za kukaa karibu na uwanja wa ndege zinabanwa kuliko zote. Iliyofaulu hubandikwa stika ya fedha kwa nyuma, na baada ya hapo hakuna binadamu anayeitazama tena ile stika.

Kuna watu walikuwa wameitegemea sana hiyo tabia ya kutotazama.

Hilux nyeusi ilisimama mbele yake kwa kishindo. Usukanini alikuwa Breki, dereva wa Idara, aliyepewa jina hilo kwa dhihaka.

"Wapi?"

"Uwanja wa ndege. Ghala Namba Nne, ziliko zile kompyuta."

"Taratibu au?"

"Usinichekeshe."

Msasa alipiga namba isiyokuwa kwenye orodha yoyote ya simu. Ikapokelewa kabla haijalia.

"Mkuu."

"Sema."

"Wakala amekufa. Begini mwake mna kadi ya kuchomekwa ndani ya kompyuta. Ametaja mnara. Saa tano na dakika arobaini."



"Wanayemlenga ni mgeni wetu," Mkuu akasema. "Fundi aliyeziunda hizo kadi. Amewakimbia waliomwajiri, anakuja kutoa ushahidi. Ndege yake inatua saa hiyo hiyo. Ina watu mia moja na kumi na watatu."

"Igeuzwe."

"Igeuzwe iende wapi? Wingu limefunika kote. Uwanja wa pili umefungwa tangu alfajiri. Ina mafuta ya kuja kutua, na akiba ya kuzunguka mara moja."

"Rubani aonywe."

"Kwa redio hiyo hiyo wanayoisikiliza? Wakijua tumejua, wataanza sasa hivi, na ndege itabaki juu ya wingu mpaka iishiwe mafuta."

"Basi?"

"Basi ni wewe."

Simu ikakatwa.

Msasa alitazama nje ya dirisha. Maduka, nguzo za umeme, watu na shughuli zao.

Mnarani, zamu ya asubuhi, alikuwa mdogo wake.

Mdogo wake wa kuzaliwa, tumbo moja. Mwongoza ndege kwa miaka tisa. Mwezi uliopita, asubuhi yenye wingu kama hili, alipoteza sauti za marubani kwa dakika nne, na ndege mbili zikapitana kwa upana wa uwanja wa mpira. Alisema redio ilijaa kelele. Mafundi walikuja, wakawasha, redio ikawa nzima kabisa. Kamati ilikaa siku tatu, ikaandika kwamba alisinzia kazini. Akapewa onyo la mwisho na barua yenye sahihi ya meneja wa uwanja.

Msasa alikwenda kumwona jioni ile. Alimwambia, "Pumzika, mdogo wangu. Kuchoka si aibu."

Aliona jinsi uso wa kijana ulivyofunga. Tangu siku hiyo hakumpigia simu.

Sasa alielewa mpango wote. Hawa watu hawakuchagua saa tu. Walichagua zamu. Ndege ikianguka leo, nani atatafuta kadi ndani ya kompyuta? Watamtafuta yule aliyesinzia mwezi uliopita.

"Breki."

"Naam."

"Ongeza."

Breki akaongeza.

Simu ya pili aliipiga maabara ya vipimo. Msasa aliijua. Alikaa pale wiki sita akifundishwa ukaguzi, ili koti la rangi ya chungwa lisimwumbue. Fundi wa zamu alipokea.

"Zile kompyuta mia tatu, nani alizipima?"

"Mzee Desibeli."

"Si amestaafu?"

"Alirudi siku moja kutusaidia. Alileta sampuli mwenyewe, akapima mwenyewe, akasaini mwenyewe."

"Kanuni inasema sampuli ichukuliwe na mkaguzi ghalani. Haiwezi kuletwa mkononi."

"Dada," fundi akasema kwa unyonge, "ni yeye aliyetufundisha hiyo kanuni. Nani angembishia?"

Msasa alikata simu.

Mzee Desibeli. Miaka thelathini na moja mkuu wa maabara. Mtu mwenye adabu, shati limenyooka, anayepiga chafya nje ya chumba cha vipimo. Ndiye aliyemfundisha Msasa kila anachokijua kuhusu kelele.

Saa tano na dakika kumi na tisa.

Ghala Namba Nne lilikuwa mwisho wa uwanja, chini kabisa ya njia ambayo ndege hupita zikishuka. Nusu yake ilikuwa mizigo. Nusu nyingine ilikuwa ukumbi mmoja mkubwa wenye meza mia tatu, makarani mia tatu na kompyuta mia tatu, wote wakishughulikia karatasi za mizigo. Juu kulikuwa na ushoroba wa vyumba vidogo vya kuhifadhia mafaili.

"Zunguka nyuma," Msasa alimwambia Breki. "Ukiiona pikipiki isiyo na taa, ichome tairi."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe ataniona mimi."

Alishusha kipokezi cha kupimia mawimbi cha Rohde & Schwarz, sanduku zito lenye mkanda wa begani na antena ya mkononi. Akapachika kifaa cha sikio cha simu yake, akapiga.

"Mnara."

"Ni mimi."

"Dada, niko kazini."

"Najua. Usikate. Iache simu wazi mezani. Ukianza kusikia ile kelele, niambie mara moja."

"Kelele ipi?"

Mdogo wake alikuwa anaijua. Alitaka aisikie ikitamkwa.

"Ile ya mwezi uliopita," Msasa akasema.

Mdogo wake alivuta pumzi. "Iko wapi?"

"Kwenye Ghala Namba Nne. Wanasikiliza redio yako, kwa hiyo ongea na rubani kama kawaida. Sauti isibadilike."

"Nina mmoja anakaribia. Mia moja na kumi na watatu."

"Najua."

"Kushoto kwa njia kuna kilima, dada. Ndani ya wingu rubani hakioni. Anafuata mshale mdogo mbele yake, na mshale unafuata mawimbi ya mwisho wa njia ya kutua. Mawimbi yenyewe ni dhaifu sana. Mtu akipayuka karibu yake..."

"Mshale unadanganya."

"Na mimi siwezi kumwambia, kwa sababu hanisikii."

"Kaa hapo," Msasa akasema. "Naenda kuizima."

Aliingia ukumbini. Hakuna aliyemtazama, mkaguzi ni mtu wa kukwepwa macho. Vidole vilikuwa vinagonga, mihuri inapigwa. Alizungusha antena taratibu. Kwenye kioo cha kipokezi kelele zilisimama kama majani ya shambani, meza baada ya meza. Za kawaida, za kusinzia. Kadi zilikuwa ndani ya masanduku zikingoja amri ya kupayuka.

Amri ingetoka wapi?

Mtu mwenye amri alipaswa kuwa karibu. Alipaswa kuisikiliza redio ya mnara ili ajue ndege imefika wapi. Lakini jengo lilikuwa na vyumba arobaini, na saa ilikuwa tano na dakika ishirini na saba. Angeanza kuvunja mlango mmoja mmoja, wa tatu tu ungetosha kumshtua.

Msasa alisimama katikati ya ukumbi na kufumba macho.

Maabara. Asubuhi ya kwanza. Mzee Desibeli, kabla ya kugusa kitu chochote, anaifunga kompyuta yake mwenyewe ndani ya wavu wa shaba. Anabana vinundu vyeusi vya kumeza kelele kwenye kila waya, viwili viwili. Mwanafunzi mmoja akauliza kwa nini asumbuke hivyo kila siku. Mzee akamtazama kwa mshangao wa kweli. Utamsikiaje mwingine, akasema, na wewe mwenyewe unapayuka?

Msasa alifumbua macho.

Alikuwa anatafuta kelele. Ilibidi atafute kimya.

Alipanda ngazi za chuma, antena mbele. Chumba cha kwanza, majani. Cha pili, majani. Cha tano, cha nane. Kila chumba kilikuwa na kompyuta yake ya mafaili, na kila moja ilikuwa na sauti yake.

Chumba cha kumi na mbili, kioo kikawa cheupe.

Hakukuwa na kelele hata ya kusingizia. Ndani kulikuwa na taa, chini ya mlango mwanga unaonekana, na waya mnene wa umeme unaingia. Lakini mawimbi hayakuwepo.

Mlango ulifunguka kabla hajaugusa.

Helmeti nyeusi ilikuwa mkononi sasa, si kichwani. Mkono wa pili ulikuwa unaelekea kiunoni. Msasa hakuwa na nafasi ya kuchomoa, na mlio wa risasi ungemaliza kila kitu, kwa hiyo alimpa kile alichokuwa nacho begani. Kilo sita za kipokezi zilitua juu ya sikio. Jamaa akaenda chini bila kuaga.

Akamruka, akaingia, akafunga mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mzee Desibeli. Hakugeuka. "Punguza sauti. Rubani anaongea."

Alikuwa amekaa wima, shati limenyooka, vipokea sauti masikioni. Mbele yake kulikuwa na kompyuta ndani ya wavu wa shaba, na kila waya ulikuwa na vinundu vyeusi viwili viwili. Kidole kilikuwa juu ya kitufe kimoja.

Glock ilikuwa imeshatoka.

"Ondoa mkono, mzee wangu."

"Umenipataje?"

"Jengo zima linapayuka. Chumba chako tu kimenyamaza."

Mzee akageuka. Usoni mwake palikuwa na furaha, furaha halisi ya mwalimu, na ndiyo iliyomtisha Msasa kuliko bastola yoyote aliyowahi kuelekezewa.

"Umeshika somo," akasema. "Wengi hawakushika."

"Kuna watu mia moja na kumi na watatu mle."

"Najua idadi. Maisha yangu yote nimekuwa nawahesabu." Sauti yake haikupanda. "Miaka thelathini na moja niliandika haifai. Nikaandika hii itazima redio za gari la wagonjwa, haifai. Hii itasumbua ndege, haifai. Kila nilipoandika, mtu alipiga simu, na kesho yake ikafaa. Barua zangu ziko kwenye makabati, hazijafunguliwa. Halafu wakaja wageni. Wakakaa, wakanisikiliza siku nzima. Wakaniuliza, mzee, kelele kubwa kabisa inaweza kufanya nini?"

"Ukawaeleza."

"Nani mwingine aliwahi kuniuliza?"

Msasa alimwonea huruma. Ilikuwa huruma ya kweli, na ilimgharimu nusu sekunde.

Kidole kilibonyeza.

Alimfikia, akamng'oa kwenye kiti na kumfunga mikono kwa ukanda wa plastiki. Mzee alikuwa mwepesi mno, mifupa mitupu. Chini, kwenye sakafu, kioo cha kipokezi kilichopasuka kilikuwa kimegeuka ukuta wa weusi.

Sikioni, sauti ya mdogo wake.

"Dada. Imeanza."

"Ndege iko wapi?"

"Maili saba. Simsikii. Hanisikii." Sauti haikutetemeka, lakini ilikuwa imekauka. "Ameanza kwenda kushoto. Taratibu. Mshale unamvuta."

"Zima!" Msasa alimwambia mzee.

"Haizimiki. Zimeshaambiwa. Hazina haja na mimi tena."

"Nakata umeme."

"Kila meza ina betri chini. Saa mbili." Mzee alikuwa amekaa sakafuni, macho ameyafumba, anasikiliza. "Ulikuwa mwanafunzi mzuri. Usijilaumu."

Msasa hakuwa na mpango wa kujilaumu. Alikuwa anakumbuka somo la siku ya pili. Mzee Desibeli anachukua kompyuta inayopayuka vibaya, anachomoa waya mmoja mrefu wa nyuma, na kelele zinaanguka sakafuni. Boksi halina mdomo, alisema siku hiyo. Waya ndio mdomo.

Aliruka ngazi tatu tatu.

"Maili sita," sauti ikasema sikioni.

Katikati ya ukumbi, juu ya jukwaa dogo, alikaa msimamizi wa makarani. Mama wa makamo, miwani ya kamba, mbele yake mihuri kumi na minne imepangwa kwa ukubwa. Makarani walimwita Mama Mihuri, na walimwogopa kuliko malaria.

"Mama, wachomoe waya za mtandao, zile za buluu, nyuma ya kompyuta! Zote! Sasa hivi!"

Mama Mihuri alimtazama juu ya miwani. "Wewe ni nani?"

"Mkaguzi wa mawasiliano. Kompyuta hizi zinaharibu mawasiliano ya ndege. Kanuni inanipa ruhusa kuzizima hapa hapa."

"Sikatai. Barua iko wapi?"

"Mama, kuna ndege inaanguka!"

"Mwaka juzi alikuja mtu na haraka zake hivyo hivyo, tukachomoa, tukakosa kazi siku nne. Nikaandikiwa mimi. Waya hauchomolewi humu bila barua."

Msasa alimwangalia yule mama. Angeweza kuchomoa bastola. Makarani mia tatu wangeingia chini ya meza mia tatu, na hakuna waya ambao ungetoka. Angeweza kukimbia meza hadi meza, akafika ya ishirini.

"Maili tano, dada. Anakaribia kilima."

Alinyakua fomu tupu mezani na kuigeuza nyuma. Akaandika kwa herufi kubwa: CHOMOENI WAYA ZOTE. AMRI YA MKAGUZI. Akaweka tarehe. Akasaini.

"Barua," akasema.

Mama Mihuri aliisoma. Yote, mpaka tarehe. Akachagua muhuri wa nne kutoka kushoto, akaupulizia, akagonga: IMEPOKELEWA. Akaitoboa, akaiweka kwenye faili.

Halafu akasimama, na ikajulikana kwa nini walimwogopa.

"NYIE!" Sauti yake haikuhitaji kipaza. "Waya wa buluu, nyuma! Chomoa! Nitakayemkuta nao sitaki kujua jina lake!"

Migongo mia tatu iliinama kwa pamoja. Ukumbi ukajaa milio midogo midogo, tak, tak, tak. Mtu alilalamika kwamba hajahifadhi kazi yake, akanyamazishwa kwa jicho.

Msasa alisimama na mkono sikioni. Hakuwa na kipokezi, kilikuwa kimevunjika juu. Alikuwa na sauti moja tu ya kupimia.

"Bado," mdogo wake akasema. "Kelele tupu."

Safu ya mbele, tayari. Safu ya kati, tayari.

"Bado. Maili nne. Dada, kile kilima..."

"Safu ya nyuma!" Mama Mihuri akanguruma. "Nyie mnasubiri chai?"

Tak. Tak.

Sikioni, kimya.

Msasa aliogopa kile kimya. Hakuwahi kuogopa hivyo, si gerezani, si mpakani, si siku aliyopigwa risasi ya begani. Alisubiri, na hakujua hata anasubiri kusikia nini.

Kisha, mbali, si kwake bali kwenye redio ya mnarani, sauti ya mdogo wake, tulivu, ya kazini kabisa:

"Panda sasa hivi. Panda, pinda kulia. Usiufuate mshale. Nifuate mimi."

Sekunde moja. Mbili.

Halafu sauti ya kigeni, imejaa mikwaruzo: "Tunapanda. Tunapinda kulia."

Mlio wa injini ulipita juu ya paa la Ghala Namba Nne, chini mno, ukatikisa vioo na mihuri. Makarani waliangalia juu. Mama Mihuri aliishika mihuri yake kwa mikono miwili. Mlio ukapanda, ukapanda zaidi, ukaingia winguni upande wa kulia.

"Alikuwa wapi?" Msasa aliuliza.

"Usiulize," akajibiwa.

Ndege ilizunguka mara moja, ikatua saa tano na dakika hamsini na moja.

Watu mia moja na kumi na watatu walishuka. Walikuwa wanapiga miayo, wanatafuta simu zao, wanavuta watoto. Mmoja alimfuata mhudumu kulalamika kwamba wamechelewa dakika kumi na moja. Mwanamume mwembamba mwenye jaketi la jinzi alipokelewa mlangoni na watu wawili wa Idara wakaondoka naye. Jirani yake wa kiti hakujua alikaa na nani.

Breki alimpakia mwenye helmeti nyuma ya Hilux. Mzee Desibeli alipanda mbele, kwa heshima ya umri. Kabla mlango haujafungwa alimwita Msasa.

"Dakika ngapi zilitosha kuzichomoa?"

"Haikufika hata moja, mzee."

Alitikisa kichwa taratibu, akihesabu. "Ningeweka antena ndani ya boksi," akasema, na akasubiri Breki amfunge mkanda wa gari.

Msasa alibaki amesimama pale mpaka gari likapotea. Ile roli ya stika za fedha ilikuwa imekwisha yote, na roli ina stika elfu mbili. Mia tatu tayari zilikuwa zimejulikana zilipo. Aliandika ujumbe kwa Mkuu, maneno matano: "Maabara ifungwe. Zote zipimwe upya."

Jibu: "Za ghalani zimeshaanza kukusanywa. Safi."

Alipanda mnara kwa miguu. Lifti ilikuwa inafanya kazi, lakini alihitaji zile ngazi.

Juu, meneja wa uwanja alikuwa ameshafika, tai imekaa upande. Alikuwa anamwambia mwongoza ndege kwamba ile barua ya mwezi uliopita itaangaliwa upya katika kikao kijacho, na kwamba taratibu zina mlolongo wake.

Msasa alimwekea kalamu mbele.

"Andika sasa."

"Bibie, kamati ndiyo yenye..."

"Andika hakusinzia. Neno moja. Halafu saini."

Meneja alimtazama. Aliona kitu fulani kwenye ule uso, akaketi, akaandika. Akasaini bila kuambiwa mara ya pili, akatoka, amelainika kabisa.

Wakabaki wawili. Mdogo wake alikuwa bado kwenye kiti chake, vipokea sauti shingoni, macho kwenye kioo cha rada. Mikono ilikuwa inamtetemeka, ameibana katikati ya magoti ili isionekane. Msasa aliiona. Alikuwa anaiona hivyo tangu mtoto huyu ana miaka minne.

"Mdogo wangu."

"Naam."

"Hata mimi niliamini kwamba ulisinzia."

Alilisema moja kwa moja, kwa sababu hakujua njia nyingine. Alikuwa tayari kwa chochote. Alikuwa tayari kufukuzwa.

Mdogo wake hakugeuka.

"Nilijua, dada," akasema. "Kamati haikuniuma. Wewe ndiye uliyeniuma."

"Nisamehe."

Redio ikakwaruza. Ndege ya mizigo, inaomba kushuka. Alivaa vipokea sauti, akatoa mikono katikati ya magoti, akabonyeza kitufe. Mikono haikutetemeka tena.

"Nakusikia vizuri," alimwambia rubani. "Endelea kuja."

Halafu, bila kuondoa macho kwenye rada, alinyoosha mkono wa kushoto nyuma, kiganja wazi. Msasa aliushika. Akauminya mara moja, akauachia, akafunga vifungo vya koti la rangi ya chungwa na kushuka ngazi kwenda kuanza kutafuta kompyuta elfu moja na mia saba.